Kusisimua au Kuzuia? Historia ya Swali la Dopamini katika Sehemu za Ubongo Zinazoongoza Mwendo, 1817–2018

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya swali moja katika sayansi ya neva: je, dopamini inapoifikia seli ya neva katika sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo wa mwili, huisisimua seli hiyo au huizuia? Insha inadai kwamba mafanikio ya tiba ya levodopa katika miaka ya 1960 yalitangulia maelezo ya utendaji wa dopamini kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwamba mafanikio hayo yenyewe yalificha pengo lililokuwapo kati ya kujua dopamini imepungua na kujua dopamini hufanya nini. Inaonyeshwa kuwa swali lilipata jibu lilipoundwa upya: athari ya kemikali haimo katika kemikali yenyewe, bali katika kipokezi na katika hali ya seli inayopokea.

1.0 Utangulizi

Simulizi iliyozoeleka kuhusu dopamini huanza na sungura wa Lund mwaka 1957, hupitia maabara ya Vienna mwaka 1960, na huishia kwa wagonjwa wa New York ambao mwaka 1967 waliweza tena kusimama na kutembea. Katika simulizi hiyo ugunduzi mmoja huzaa mwingine mithili ya ngazi: kemikali inapatikana, upungufu wake unapimwa, kinachopungua kinarudishwa, mgonjwa anapona. Insha hii haikanushi tukio lolote kati ya hayo. Inachohoji ni hitimisho linalojengwa juu yake, kwamba kufikia mwaka 1967 wanasayansi walikwisha kuelewa namna dopamini inavyoathiri mwendo.

Ili kuhoji hitimisho hilo, yafaa kutenganisha maswali matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni la mahali: dopamini iko wapi katika ubongo? La pili ni la kiasi: hupungua kwa kadiri gani katika ugonjwa? La tatu ni la utendaji: dopamini inapoifikia seli, seli hiyo hufanya nini? Maswali mawili ya mwanzo yalijibiwa, kwa sehemu kubwa, ndani ya muongo mmoja. La tatu liliendelea kuwagawa wataalamu hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, na jibu lililopatikana wakati huo limekuwa likirekebishwa tangu hapo.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa. Kemikali za ujumbe ni dutu zinazotolewa na seli moja ya neva na kuathiri nyingine kwa kushikamana na vipokezi vilivyo juu ya utando wake. Viini vya kina ni mkusanyiko wa sehemu zilizo chini ya gamba la ubongo ambazo hushiriki katika kuanzisha na kupima mwendo. Kati ya hizo, striatamu ndiyo lango la kuingilia, palidamu ya ndani ndiyo lango kuu la kutokea, na dutu nyeusi, iliyoitwa hivyo kwa rangi yake, ndiyo chanzo cha dopamini inayoifikia striatamu.

2.0 Ugonjwa Kabla ya Kemia, 1817–1938

Mwaka 1817 James Parkinson, tabibu wa Hoxton mjini London, alichapisha insha kuhusu ugonjwa wa kutetemeka, akieleza watu sita. Baadhi yao hawakuwa wagonjwa wake. Aliwaona barabarani tu, akatambua mtetemo wa viungo vilivyotulia, mgongo ulioinama na mwendo unaogeuka kuwa mbio zisizokusudiwa. Parkinson alikisia kuwa chanzo kimo katika sehemu ya juu ya uti wa mgongo. Alikosea kuhusu mahali, lakini maelezo yake ya dalili yalikuwa sahihi kiasi kwamba Jean-Martin Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, aliupa ugonjwa huo jina la Parkinson.

Charcot na wanafunzi wake walitumia dawa zilizotokana na mimea ya jamii ya beladona. Baadaye ilifahamika kwamba dawa hizo huzuia kazi ya asetilkolini, mojawapo ya kemikali za ujumbe. Kwa hiyo tangu karne ya 19 wagonjwa walikuwa wakitibiwa kwa kubadilisha kemia ya viini vya kina, kabla mtu yeyote hajajua kwamba viini hivyo vina kemia ya namna hiyo. Mpangilio huu, wa dawa kutangulia maelezo, utajirudia.

Mahali pa ugonjwa palijulikana taratibu. Mwaka 1893 Paul Blocq na Georges Marinesco walieleza mgonjwa aliyekuwa na mtetemo wa upande mmoja wa mwili. Baada ya kifo chake uvimbe wa kifua kikuu ulikutwa umeharibu dutu nyeusi ya upande wa pili. Édouard Brissaud alitumia kisa hicho kupendekeza kwamba dutu nyeusi ndiyo kiini cha ugonjwa. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, katika tasnifu yake ya udaktari mjini Paris, alionyesha kuwa seli za dutu nyeusi hupungua katika ugonjwa wa Parkinson, na mwaka 1938 Rolf Hassler alithibitisha jambo hilo kwa uchunguzi wa kina zaidi. Hata hivyo anatomia peke yake haikuweza kueleza kwa nini kufa kwa kundi dogo la seli nyeusi kuufanye mwili mzima kuwa mzito. Ilionyesha palipoharibika, haikuonyesha kilichopotea.

3.0 Kemikali Iliyodharauliwa, 1910–1955

Dopamini ilitengenezwa maabara mwaka 1910 na George Barger na James Ewens mjini London. Miaka mitatu baadaye Markus Guggenheim, mkemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche mjini Basel, alitenga levodopa kutoka maharage mapana. Alijijaribia mwenyewe kwa kumeza gramu 2.5, akatapika sana. Mwaka 1937 Damodaran na Ramaswamy walipata kemikali hiyohiyo nchini India katika mbegu za upupu, mmea ambao katika Afrika Mashariki unajulikana zaidi kwa vinyweleo vya maganda yake vinavyowasha ngozi kuliko kwa kilichomo ndani ya mbegu zake.

Mwaka 1938 Peter Holtz na wenzake waligundua kimeng'enya kinachogeuza levodopa kuwa dopamini, na mwaka uliofuata Hermann Blaschko alipendekeza kuwa dopamini ni hatua mojawapo katika utengenezaji wa noradrenalini na adrenalini. Pendekezo hilo lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa na gharama yake. Kwa miaka karibu ishirini dopamini ilihesabiwa kuwa kituo cha njiani tu. Haikuonekana kuwa na safari yake yenyewe.

Kulikuwa pia na shaka pana zaidi, yaani kama seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali hata kidogo. Mwaka 1921 Otto Loewi, mjini Graz, alionyesha kwamba majimaji yaliyotoka katika moyo wa chura ambao neva yake imesisimuliwa hupunguza mapigo ya moyo wa chura mwingine. Yeye na Henry Dale walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Lakini moyo si ubongo. Wataalamu wengi wa fiziolojia, akiwamo John Eccles, walishikilia kuwa ndani ya mfumo mkuu wa neva ujumbe hupita kwa umeme. Mabishano hayo yalipewa kwa mzaha jina la vita vya cheche na supu. Eccles alikubali upande wa kemia mapema katika miaka ya 1950, baada ya majaribio yake mwenyewe katika uti wa mgongo.

Urithi wa mabishano hayo haukuishia hapo. Wote wawili, wa cheche na wa supu, walikuwa wameizoea picha moja: ujumbe ama husisimua seli ama huizuia, na hufanya hivyo papo hapo. Kemikali yoyote mpya iliyogunduliwa ubongoni iliulizwa swali hilo kwanza. Dopamini nayo iliulizwa, na swali halikuifaa.

4.0 Lund na Vienna, 1957–1961

Mwaka 1957 mambo mawili yalitokea. Kathleen Montagu, aliyefanya kazi katika hospitali ya Runwell nchini Uingereza, aliripoti kuwapo kwa dopamini katika ubongo. Katika mwaka huohuo Arvid Carlsson, Margit Lindqvist na Tor Magnusson, katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi, waliwapa sungura reserpini, dawa inayoondoa akiba ya kemikali kadhaa za ujumbe. Wanyama walilala kimya, masikio yameanguka, hawawezi kusogea. Walipodungwa sindano ya dopa waliinuka na kutembea. Walipopewa kitangulizi cha serotonini, hawakuinuka.

Hoja ya kimsingi ilitokana na vipimo vilivyofuata. Ubongo wa wanyama walioinuka haukuwa umerudishiwa noradrenalini. Kilichorudi ni dopamini. Mwaka 1958 kundi hilo lilieleza njia ya kupima dopamini na kudai kuwa ni kemikali ya kawaida ya ubongo, yenye kazi yake. Mwaka 1959 Åke Bertler na Evald Rosengren waliongeza ushahidi wa mahali: sehemu kubwa ya dopamini ya ubongo wa mbwa imo katika striatamu, ambako noradrenalini ni kidogo sana. Kitu ambacho ni kitangulizi tu kingetarajiwa kupatikana palipo na zao lake. Kutokuwapo kwa uwiano huo kulibomoa nadharia ya kituo cha njiani.

Dai hilo halikupokewa kwa urahisi. Katika mkutano uliofanyika London mwaka 1960, Carlsson alikumbana na wakubwa wa fani, Dale akiwa miongoni mwao, waliotilia shaka kuwa kemikali hizi zina kazi yoyote ya ujumbe katika ubongo. Shaka yao haikuwa ya ukaidi mtupu. Kuinuka kwa sungura kulithibitisha kuwa dopa hufanya jambo fulani; hakukuthibitisha kwamba dopamini hutolewa na seli moja kwenda nyingine.

Mjini Vienna, Oleh Hornykiewicz alisoma matokeo ya Lund na kufanya uamuzi wa kwenda kwa binadamu. Pamoja na Herbert Ehringer alikusanya ubongo wa watu 17 ambao hawakuwa na ugonjwa wa neva na wa watu 6 waliokuwa na dalili za Parkinson, wanne kati yao kutokana na homa ya ubongo ya zamani. Kipimo walichotumia kilibadilisha dopamini kuwa rangi ya waridi. Sampuli ya striatamu ya mtu asiye na ugonjwa ilikolea rangi. Ya mgonjwa ilibaki karibu bila rangi, na tofauti hiyo ilionekana kwa macho matupu kabla ya kifaa chochote kutumika. Makala yao ya mwaka 1960 yalikuwa mara ya kwanza ugonjwa wa ubongo wa binadamu kuhusishwa na upungufu wa kemikali moja ya ujumbe katika sehemu moja mahususi.

Mwaka 1961 Hornykiewicz alimshawishi daktari Walther Birkmayer kuwadunga wagonjwa levodopa kwenye mshipa. Levodopa ilichaguliwa kwa sababu dopamini yenyewe haipiti kutoka damuni kuingia ubongoni, ilhali levodopa hupita na kugeuzwa huko ndani. Watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani walisimama, wakatembea, kwa saa chache. Katika mwaka huohuo André Barbeau na wenzake mjini Montreal walijaribu levodopa ya kumeza na kuona nafuu.

5.0 Tiba Yatangulia Maelezo, 1961–1970

Nafuu ya saa chache haikutosha. Majaribio mengi yaliyofuata yalitumia dozi ndogo, yakatoa matokeo yanayopingana, na baadhi ya madaktari walikata tamaa. Aliyebadilisha hali hiyo ni George Cotzias wa maabara ya Brookhaven, New York. Jambo linalofaa kuangaliwa na mwanahistoria ni kwamba Cotzias hakuanza na nadharia ya ujumbe. Alivutiwa na kupotea kwa rangi nyeusi katika dutu nyeusi, akitafuta kuirudisha. Alianza na dozi ndogo sana na kuiongeza polepole kwa majuma mengi, hadi gramu 16 kwa siku za mchanganyiko wa dopa. Makala yake ya mwaka 1967 yalionyesha nafuu kubwa na ya kudumu kwa wagonjwa ambao hawakuwa na matumaini. Mwaka 1970 levodopa iliidhinishwa nchini Marekani.

Mwaka 1969 Oliver Sacks aliitumia dawa hiyo kwa wagonjwa wa hospitali ya Beth Abraham mjini New York, walioganda kwa miongo kadhaa baada ya homa ya ubongo. Waliamka, na wengi wao, baada ya muda, walipata misukosuko ya mwili na ya nafsi ambayo dozi yoyote haikuweza kuituliza. Cotzias naye, katika makala ya mwaka 1969, alieleza miondoko isiyo ya hiari iliyoletwa na tiba yenyewe.

Miondoko hiyo ilikuwa na maana ya kinadharia iliyochelewa kutambuliwa. Kama dopamini ingekuwa kama mafuta ya taa yaliyopungua kibuyuni, kuirudisha kungerudisha mwanga uleule. Lakini mgonjwa aliyerudishiwa dopamini hakurudi alivyokuwa. Alipata mwendo wa ziada ambao hakuuomba. Picha ya pengo linalojazwa ilieleza kuinuka kwa mgonjwa, haikueleza kujinyonganyonga kwake. Maswali ya mahali na ya kiasi yalikuwa yamejibiwa. Swali la utendaji lilikuwa limeachwa kando, kwa kuwa dawa ilifanya kazi.

Umbali kati ya maarifa na mgonjwa una sura nyingine inayofaa kutajwa hapa. Utafiti wa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa na Catherine Dotchin na wenzake mwaka 2008, uliwapata watu 33 wenye ugonjwa wa Parkinson katika wakazi 161,071, na wengi wao walikuwa hawajawahi kutambuliwa wala kutibiwa. Miaka 40 ilikuwa imepita tangu makala ya Cotzias. Kwa watu hao, levodopa ilikuwa karibu zaidi katika mbegu za upupu kuliko katika duka la dawa, ingawa mbegu hizo hazina kipimo cha dozi wala mtu wa kuzifuatilia. Historia ya sayansi ikisimuliwa kama mfululizo wa ushindi huficha masafa ya namna hii.

6.0 Elektrodi na Utata Wake, 1962–1979

Wakati tiba ikisonga mbele, njia mpya ya kutazama ubongo ilikuwa imepatikana Uswidi. Bengt Falck na Nils-Åke Hillarp waligundua kwamba mvuke wa formaldehidi huzifanya seli zenye dopamini na jamii yake kung'aa chini ya darubini. Mwaka 1964 Annica Dahlström na Kjell Fuxe walichora ramani ya seli hizo, na katika mwaka huohuo ilionyeshwa kwamba nyuzi zenye dopamini hutoka dutu nyeusi kwenda striatamu. Hatimaye anatomia ya Tretiakoff na kemia ya Hornykiewicz zilikutana: seli zinazokufa ndizo zinazopeleka dopamini inayopungua.

Ilibaki kuuliza seli za striatamu zenyewe. Mbinu iliyotumika ilikuwa kudondosha dopamini kwa bomba jembamba la kioo karibu na seli moja, huku elektrodi ikihesabu mipigo yake. Mwaka 1965 Floyd Bloom, Erminio Costa na Gian Carlo Salmoiraghi walifanya hivyo kwa paka. Seli nyingi zilizojibu zilipunguza mipigo, baadhi ziliongeza. Majaribio mengine yalielekea vivyo hivyo, na ikawa kawaida kuiita dopamini kemikali ya kuzuia. Kisha, mwaka 1976, kundi la Stephen Kitai lilirekodi kutoka ndani ya seli huku likisisimua dutu nyeusi, likaona mwitiko wa kusisimua, na kudai kinyume chake.

Mgongano huu ungeweza kuchukuliwa kuwa kasoro ya mbinu, na wengi waliuchukua hivyo. Dopamini iliyodondoshwa huenda mbali kuliko inavyokusudiwa. Umeme uliotiwa dutu nyeusi huamsha nyuzi zisizo za dopamini. Hoja hizo zilikuwa na uzito. Lakini zilikuwa na dhana moja ndani yake ambayo haikusemwa: kwamba mbinu ikisafishwa vya kutosha, jibu moja litabaki.

Dhana hiyo ilipingwa kutoka nje ya fiziolojia. Mwaka 1963 Carlsson na Lindqvist walikwisha kupendekeza kwamba dawa za wendawazimu kama klopromazini, ambazo huleta dalili za Parkinson, hufanya kazi kwa kuziba vipokezi bila kupunguza akiba ya dopamini. Mkazo ulianza kuhama kutoka kemikali kwenda kwa anayeipokea. Mwaka 1972 John Kebabian, Gary Petzold na Paul Greengard walionyesha kuwa dopamini katika striatamu ya panya huamsha kimeng'enya kinachotengeneza mjumbe wa pili ndani ya seli. Kazi ya aina hiyo huchukua muda mrefu kuliko mpigo wa umeme: hubadilisha namna seli itakavyojibu ujumbe mwingine. Na mwaka 1979 Kebabian na Donald Calne walipanga ushahidi uliokuwapo na kupendekeza aina mbili za vipokezi, D1 na D2, zinazotofautiana katika uhusiano wao na kimeng'enya hicho.

7.0 Njia Mbili, 1982–1990

Mwaka 1982 kundi dogo la vijana nchini Marekani, katika jimbo la California, liliganda ghafla kama wazee wenye Parkinson baada ya kujidunga dawa ya kulevya iliyochafuliwa. William Langston na wenzake walitambua kwamba kiini cha sumu kilikuwa kemikali iitwayo MPTP, inayoua seli za dutu nyeusi. Msiba huo uliwapa watafiti nyani wenye ugonjwa unaofanana na wa binadamu, na hivyo nafasi ya kusikiliza viini vya kina vikiwa na dopamini na visipokuwa nayo. Bila dopamini, mipigo ya palidamu ya ndani iliongezeka na ya palidamu ya nje ikapungua. Kama dopamini ingekuwa na athari moja tu kwa seli zote za striatamu, matokeo hayo yanayopingana yangekuwa magumu kueleza.

Maelezo yalikuja mwaka 1989, katika kazi ya Roger Albin, Anne Young na John Penney, na mwaka 1990 katika kazi ya Mahlon DeLong. Striatamu, walieleza, ina makundi mawili ya seli, yote yakitoa gaba, kemikali inayozuia. Kundi la njia ya moja kwa moja huzuia palidamu ya ndani. Kwa kuwa palidamu hiyo huizuia thalamasi wakati wote, kuizuia ni kufungua mlango: thalamasi huachiwa na mwendo huruhusiwa. Kundi la njia ya kuzunguka huzuia palidamu ya nje, ambayo huzuia kiini cha chini ya thalamasi. Kiini hicho kikiachiwa hutoa glutamati, husisimua palidamu ya ndani, na mlango hufungwa.

Hapa ndipo mgongano wa miaka ya 1960 na 1970 ulipopata maana. Mwaka 1990 Charles Gerfen na wenzake walionyesha kwamba vipokezi vya D1 vimo zaidi katika seli za njia ya kwanza na vya D2 katika seli za njia ya pili. Dopamini huipa nguvu ile na huipunguzia hii nguvu, na yote mawili huelekea kwenye jambo moja, kurahisisha mwendo. Elektrodi iliyotumbukizwa katika striatamu bila kujua imeangukia kundi lipi ilikuwa lazima ikutane na majibu mawili. Waliodai kuzuia hawakukosea kwa ujumla wake, wala waliodai kusisimua. Swali lao ndilo lililokuwa na kosa, kwa kuwa lilitafuta katika dopamini sifa ambayo imo katika mpokeaji.

Kielelezo hicho kilikuwa na matokeo ya kitabibu. Kama kiini cha chini ya thalamasi kinafanya kazi kupita kiasi, kukituliza kungesaidia. Hagai Bergman, Thomas Wichmann na DeLong walikiharibu kwa nyani wenye ugonjwa mwaka 1990 na dalili zikapungua. Katika miaka ya 1990 kundi la Alim-Louis Benabid na Pierre Pollak mjini Grenoble, Ufaransa, liliingiza elektrodi za kudumu katika kiini hicho kwa wagonjwa. Hii ni mara adimu katika historia hii ambapo maelezo yaliitangulia tiba.

8.0 Mipaka ya Kielelezo, 1992–2018

Tiba hiyohiyo ilizaa maswali mapya. Kwa mujibu wa kielelezo, kuharibu palidamu ya ndani kungefungua mlango moja kwa moja na kuzidisha miondoko isiyo ya hiari. Upasuaji wa palidamu, uliofufuliwa na Lauri Laitinen mwaka 1992, ulionyesha kinyume: miondoko hiyo iliyoletwa na levodopa ndiyo iliyopungua zaidi. Mwaka 1994 David Marsden na José Obeso waliuweka wazi mkanganyiko huo na kusema kwamba idadi ya mipigo peke yake haitoshi. Mwaka 2001 Peter Brown na wenzake walionyesha, kwa wagonjwa waliokuwa na elektrodi, kwamba levodopa hupunguza mawimbi ya polepole yanayofunga viini hivi katika mdundo mmoja. Dopamini, kwa hiyo, hubadilisha si wingi wa mipigo tu bali pia mpangilio wake.

Ndani ya seli moja nako mambo hayakuwa sahili. Mwaka 1997 Salvador Hernández-López na wenzake walionyesha kwamba kuamsha kipokezi cha D1 huongeza mwitiko wa seli ya striatamu ikiwa seli hiyo tayari iko karibu na kupiga, na huupunguza ikiwa iko mbali. Kipokezi kilekile, kemikali ileile, matokeo mawili. Hali ya seli kabla ya ujumbe kufika ni sehemu ya ujumbe wenyewe.

Mbinu za kuamsha seli kwa mwanga zilithibitisha kielelezo kwa upande mmoja na kukitikisa kwa upande mwingine. Mwaka 2010 Alexxai Kravitz na wenzake waliamsha njia ya moja kwa moja katika panya na mwendo ukaongezeka. Walipoamsha ya kuzunguka, ulipungua. Lakini mwaka 2013 Guohong Cui na wenzake walipotazama bila kuingilia, walikuta njia zote mbili zikifanya kazi pamoja pale mnyama anapoanza kusogea. Na mwaka 2018 Joaquim Alves da Silva na wenzake waliripoti kwamba seli za dopamini za dutu nyeusi hubadilisha mipigo yake kabla ya mwendo kuanza, na kwamba kuzizuia wakati huo hupunguza uwezekano na nguvu ya mwendo unaofuata, lakini hakuuzimi mwendo ambao umekwisha kuanza.

9.0 Hitimisho

Historia iliyochunguzwa hapa inaonyesha mambo matatu. Kwanza, ushahidi wa aina moja haukuweza kuchukua nafasi ya mwingine. Rangi ya waridi iliyokosekana Vienna ilithibitisha upungufu. Kutembea kwa mgonjwa kulithibitisha kuwa upungufu huo una maana. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoeleza kinachotendeka katika utando wa seli. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000, iliyotolewa kwa Carlsson, Greengard na Eric Kandel, ilizusha malalamiko ya zaidi ya wanasayansi 200 waliotia saini barua ya wazi kumtetea Hornykiewicz. Mzozo huo haukuwa wa heshima ya mtu mmoja tu. Ulihusu pia ni aina ipi ya ushahidi inayostahili kuitwa ugunduzi.

Pili, tiba inayofanya kazi inaweza kuchelewesha maelezo. Levodopa ilifanya swali la utendaji lionekane la ziada, na madhara yake, yaliyoonekana tangu mwaka 1969, yalichukuliwa kwa muda mrefu kuwa tatizo la dozi kabla ya kutambuliwa kuwa dalili kwamba nadharia ya pengo haitoshi. Waliobeba gharama ya kuchelewa huko ni wagonjwa.

Tatu, maendeleo makubwa zaidi hayakuja kwa kujibu swali la zamani bali kwa kuliacha. Dopamini haikuwekwa katika orodha ya kusisimua wala ya kuzuia. Iliondolewa katika orodha zote mbili na kuwa kemikali inayorekebisha namna seli zinavyojibu ujumbe wa glutamati na gaba, kwa kutegemea kipokezi, njia na wakati. Ukanushaji huo wa swali ulichukua miaka 30 na zaidi. Kwa mtafiti wa historia ya sayansi, hilo ni onyo la kusoma majaribio yaliyogongana kwa subira: pale ambapo waangalifu wawili wanapata majibu kinyume, huenda kila mmoja ameona nusu ya kitu ambacho swali lao la pamoja halikuwaruhusu kukiona kizima.